Je, wajua kwa nini afisa alipewa msalaba na askari wake medali ya duara?

Mzee mmoja wa Isevya, hapa Tabora mjini, alinitolea kopo kuukuu la majani ya chai tukiwa tumekaa chini ya mwembe wake. Ndani, kwenye kitambaa, mlikuwa na medali ya fedha ya duara. Upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Sita, upande wa pili maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kwa ushujaa vitani". Ni ya marehemu baba yake, koplo wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, aliyepigana Burma katika Vita Kuu ya Pili.

"Mjukuu wangu," akaniuliza, "baba alisema luteni wake alipewa msalaba kwa kazi ya siku ileile. Mbona yeye akapewa hiki?"

Nilimjibu hivi: jeshi la Waingereza lilitazama cheo kwanza, ndipo likatazama ushujaa. Msalaba ule, Military Cross, ulianzishwa Desemba 1914 kwa ajili ya maafisa, kuanzia kapteni kwenda chini, pamoja na maafisa wateule. Sajini, koplo na askari wa kawaida hawakuwa na haki nao. Mwaka 1916 wakaanzishiwa chao, Military Medal, ndiyo hii ya kwenye kopo. Na kwa kuwa wenye kamisheni katika Keya walikuwa Wazungu, tofauti ya cheo ikawa pia tofauti ya rangi. Watu wawili walitambaa kwenye tope moja chini ya risasi zilezile, na umbo la nishani likaamuliwa na nyota za begani.

Kuna jambo lililoniumiza zaidi. Hadi mwaka 1979 nishani hizi mbili hazikutolewa kwa aliyekwisha kufa. Koplo angeuawa siku ile, kopo lisingekuwa na kitu.

Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, ilikuwa tofauti. Tangu 1856 haikubagua cheo, na baadaye ikaruhusiwa kwa marehemu pia. Ndivyo ilivyompata Kapteni Eric Wilson, afisa wa askari wa miguu aliyeazimwa kwenye kikosi cha ngamia cha Somalia ya Waingereza. Agosti 1940, kwenye mapito ya Tug Argan, aliongoza bunduki za rashasha juu ya kilima, na mizinga ya Waitaliano ikamwelekea yeye. Alijeruhiwa begani na jichoni, miwani ikavunjika, malaria ikampanda, naye akaendelea kufyatua hadi tarehe 15 kituo kilipozidiwa. Akahesabiwa amekufa. Oktoba nishani ikatangazwa, kumbe mwenyewe yu hai, mateka wa Waitaliano, na habari akaipata kutoka kwa mateka mwenzake. Ingekuwa Military Cross, asingepewa, maana kwa hesabu zao alikuwa marehemu.

Huyo huyo Wilson baadaye alikwenda Burma na Keya, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kisha akawa mtumishi wa serikali hapa Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1961. Alifariki 2008 akiwa na miaka 96.

Ubaguzi wa msalaba na duara uliondolewa mwaka 1993: Military Medal ikafutwa, Military Cross ikawa ya vyeo vyote. Mzee alinyamaza kidogo. Nikamwonyesha kitu ambacho macho yake hayakuwa yakikiona tena: ukingoni mwa medali, kwa herufi ndogo mno, mlikuwa na namba ya baba yake, cheo, jina na kikosi. Msalaba wa luteni kwa kawaida ulitoka bila jina.

"Hebu soma tena," akasema, "polepole." Akamwita kitukuu wa yule koplo aje na daftari la shule aandike, herufi moja moja, huku medali nikiielekeza kwenye jua.