Filamu Iliyoshinda Oscar na Leo Haipo

Kati ya filamu zote zilizowahi kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora, kuna moja tu ambayo hakuna anayeweza kuitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Inaitwa The Patriot. Ilitoka mwaka 1928 chini ya kampuni ya Paramount, mwongozaji akiwa Ernst Lubitsch, na Hanns Kräly aliyeiandika alipata Oscar ya uandishi katika sherehe ya Aprili 1930. Tuzo imeandikwa vitabuni, lakini filamu yenyewe imebaki trela, vipande vichache na picha za mnato.

Sisi tunaohifadhi kumbukumbu za picha na sauti huulizwa mara kwa mara: kitu kikubwa namna hiyo kinapoteaje? Kabla ya kujibu, ni vizuri kwanza kujua ni nini hasa kilichopotea, kwa sababu kisa chenyewe hakikupotea.

Kisa kinatoka kwenye tamthilia ya Alfred Neumann, mwandishi wa Kijerumani, iitwayo Der Patriot. Inahusu kuuawa kwa Tsar Paul I wa Urusi, na mauaji hayo ni ya kweli. Usiku mmoja wa Machi 1801 maofisa wa jeshi waliingia chumbani kwa mfalme huyo katika ngome ya Mikhailovsky, St. Petersburg, wakamuua. Kinara wa njama alikuwa Count Peter von der Pahlen, gavana wa kijeshi wa mji, mtu ambaye Tsar alimwachia usalama wake wote. Mwandishi wa jukwaani angetaka nini zaidi? Mtu anamsaliti anayemwamini, na anasema anaiokoa nchi. Katika historia Pahlen aliondolewa mjini muda si mrefu, akaishi hadi 1826. Tamthilia haikumpa unafuu huo.

Mwanzoni mwa 1928 mchezo huo ulipandishwa jukwaani New York kwa Kiingereza. John Gielgud, Mwingereza aliyekuja kuwa miongoni mwa waigizaji wakubwa wa karne, alicheza nafasi ya Alexander, mwana wa Tsar, akiwa na miaka 23. Mchezo haukudumu. Miezi michache baadaye filamu ikatoka, Emil Jannings akiwa Tsar na Lewis Stone akiwa Pahlen.

Anayetaka kujua Neumann aliandika nini atakipata kitabu. Lakini filamu bubu kama hii, isiyo na sauti za waigizaji, haiwezi kubeba tamthilia kama ilivyo. Mchezo wa jukwaani huishi kwa mazungumzo, na mazungumzo ndiyo kitu cha kwanza kutupwa. Hubaki mistari michache kwenye kadi za maandishi. Yaliyosalia yote lazima yasemwe kwa uso, mwendo, mwanga na mahali kamera iliposimama. Lubitsch na Jannings walikuwa watu wa kazi hiyo. Wote wawili walipitia jukwaa la Max Reinhardt, mwongozaji wa tamthilia, jijini Berlin, na walikwisha kutengeneza pamoja Madame Dubarry (1919) na Anna Boleyn (1920), filamu nyingine za wafalme na mabibi zao. Kwa hiyo kilichopotea ni kile hasa ambacho filamu iliongeza juu ya maandishi: wasiwasi wa Tsar machoni mwa Jannings, na kumbi za kasri alizozibuni Hans Dreier. Muhtasari wa kisa hauwezi kuvirudisha. Kwa maoni yangu, wanaosema “angalau tamthilia ipo” wanahesabu vitu viwili tofauti kama kimoja.

Sasa, filamu kama hizi zilipoteaje? The Patriot ilitoka wakati mbaya. Sauti ilikuwa imeingia sinema mwaka uliotangulia, na Paramount ikaipachika muziki na vishindo ili isionekane imepitwa. Miaka miwili baadaye filamu bubu haikuwa na soko kabisa. Hakukuwa na televisheni wala video. Mkanda uliokwisha zunguka majumba ya sinema ulikuwa mzigo wa kulipiwa ghala. Ndani yake, hata hivyo, kulikuwa na madini ya fedha, na mengi yalipatikana kwa kuyeyusha mikanda. Kampuni ya Universal iliteketeza filamu zake bubu mwaka 1948 kwa uamuzi wa ofisini. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo ilipopokea filamu kwa ajili ya hakimiliki ilibaki na karatasi, mikanda ikarudishwa kwa wenyewe, kwa kuogopa moto.

Moto huo haukuwa wa kufikirika. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 mikanda ya milimita 35 ilitengenezwa kwa nitreti ya selulosi, ambayo ikiwaka hutoa oksijeni yake yenyewe, hivyo hata maji hayaizimi. Iliyooza inaweza kujiwasha yenyewe kwenye joto la nyuzi 41 likidumu. Julai 1937, wakati wa joto kali, ghala la Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliwaka na kuondoka na sehemu kubwa ya filamu bubu za kampuni hiyo. Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge mwaka 2013 ulihesabu filamu ndefu bubu za Marekani karibu 11,000, na kukuta kwamba takriban asilimia 70 hazipo kabisa.

Zinazorudi hutokea mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Mwaka 1978 zaidi ya mikanda 500 ilifukuliwa Dawson City, kaskazini mwa Kanada. Mji huo ulikuwa kituo cha mwisho cha usambazaji na makampuni hayakutaka kulipa nauli ya kuirudisha. Mwaka 1981 nakala ya filamu ya Carl Dreyer, mwongozaji wa Denmark, kuhusu Jeanne d'Arc ilikutwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo. Na The Divine Woman ya mwigizaji Greta Garbo, ambayo pia ilitoka 1928 na pia ilitokana na tamthilia, ilipatikana kwa dakika 9 tu, huko Moscow.

Huku kwetu nako kuna pengo. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Waingereza uliokuwa na makao Vugiri, milima ya Usambara, ulitengeneza filamu fupi 35 kwa ajili ya vijiji vya Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Zinazojulikana kusalia ni chache mno.

Ukikuta makopo ya mikanda stoo ya ofisi, parokiani au kwa marehemu babu, usiyaweke kwenye projekta kujaribu. Tazama pembeni mwa utepe: neno SAFETY lina maana kwamba si nitreti. Mkanda mwembamba wa milimita 16 au 8 kwa kawaida si nitreti pia, ila ukinuka siki umeanza kuharibika na utenge na mingine. Mkanda wa milimita 35 unaonata, wenye mapovu au unaoacha unga wa kahawia, upeleke kivulini penye hewa, mbali na jiko na umeme, usiufungie kwenye plastiki. Usiuchome na usiutupe jalalani. Andika kila kilichoandikwa juu ya kopo, hata kama ni namba tu, kisha wasiliana na hifadhi ya nyaraka ya taifa.