Albamu ya bure yenye sauti kamili: maana yake na kilichomo ndani ya faili

Albamu ya bure yenye sauti kamili ni ile ambayo mwenye kazi mwenyewe ameiweka mtandaoni ipakuliwe bila malipo, katika mafaili yaliyobeba sauti yote iliyotoka studio. Mwenyewe ameitoa, inapakuliwa na kubaki kwenye kifaa cha msikilizaji, na hakuna kilichokatwa kwenye sauti. Likikosekana moja kati ya hayo, basi ni kitu kingine. Wimbo wa YouTube husikilizwa bure lakini haubaki kwako. MP3 inayorushwa WhatsApp inabaki kwako lakini imeshakatwa. Na albamu iliyopakuliwa kwenye tovuti ya wizi ni ya wizi, hata iwe na sauti safi kiasi gani.

Mfano ulio wazi zaidi ni The Slip ya bendi ya Marekani, Nine Inch Nails, iliyotoka tarehe 5 Mei 2008. Mkataba wa bendi hiyo na lebo ya Interscope ulikuwa umekwisha mwaka 2007, kwa hiyo kiongozi wake, Trent Reznor, hakuwa na wa kumwomba ruhusa. Msikilizaji aliacha anwani ya barua pepe, akatumiwa kiungo, kisha akachagua: MP3, au moja ya aina za faili zenye sauti kamili, yaani FLAC, Apple Lossless, au WAV ya biti 24 na kilohezi 96. Mafaili makubwa yalisambazwa kwa BitTorrent, ili mzigo ubebwe na wapakuaji wenyewe badala ya seva moja kuelemewa.

Haikuwa sadaka tupu. Miezi miwili kabla, bendi hiyohiyo ilikuwa imetoa Ghosts I–IV: vipande 9 vya mwanzo bure, vyote 36 kwa dola 5, na juu kabisa sanduku la kifahari la dola 300, nakala 2,500, zilizokwisha zote. Ukizidisha unapata dola 750,000 kutokana na sanduku peke yake. The Slip nayo ilifuatiwa na CD ya nakala 250,000 mwezi Julai. Orodha ya barua pepe za watu walioipakua ilibaki mikononi mwa msanii, na kwa anayeuza tiketi za ziara, orodha hiyo ni mtaji.

Linganisha na In Rainbows ya Radiohead, ya tarehe 10 Oktoba 2007. Hapo msikilizaji alijipangia bei, hata sifuri, na habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Lakini alichopewa ni MP3 ya kilobiti 160 kwa sekunde, yaani sauti iliyokatwa. Aliyetaka sauti kamili alisubiri diski. Mwanamuziki Saul Williams, mwezi uliofuata, alifanya jambo la katikati: MP3 ya kilobiti 192 bure, na kwa dola 5 unapata MP3 ya kilobiti 320 au FLAC. Kwa Radiohead na Williams ubora ndio uliobaki kuwa bidhaa. The Slip ilitoa ubora wenyewe, na hiyo ndiyo tofauti inayofanya dhana hii istahili maelezo yake peke yake.

Sauti kamili maana yake nini

Sauti ya dijitali ni vipimo vilivyopigwa mfululizo. CD hupima mara 44,100 kila sekunde (kilohezi 44.1), kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16, kwa njia mbili, kushoto na kulia. Zidisha: biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 10.6 kwa dakika. Albamu ya dakika 45 inafika megabaiti 476. Hiyo ndiyo WAV: vipimo vyote vimeandikwa kama vilivyo, bila kubanwa.

MP3 hupunguza uzito huo kwa kutupa. Programu ya kubana hutumia kanuni za usikivu wa binadamu: sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa, au iliyo juu sana kwa masafa, huandikwa kwa usahihi mdogo zaidi au huachwa kabisa. Kwa kilobiti 320, ambacho ndicho kiwango cha juu cha MP3, albamu yetu ya dakika 45 inakuwa megabaiti 108. Kwa kilobiti 128, kiwango cha tovuti nyingi za kupakua nyimbo, inakuwa 43. Kilichotupwa hakirudi. Ukiigeuza MP3 kuwa FLAC unapata faili kubwa lenye sauti ileile iliyokatwa.

FLAC hubana bila kutupa. Programu inakisia kila kipimo kutokana na vilivyotangulia, kisha inaandika tofauti tu kati ya kisio na kipimo halisi. Tofauti hizo ni namba ndogo, hivyo hula nafasi ndogo. Wakati wa kucheza, hesabu inarudishwa nyuma na kila biti inakaa mahali pake. Faili linakuwa takribani nusu hadi theluthi mbili ya WAV, kutegemea muziki: gitaa moja na sauti ya mtu hubanwa sana, ukuta wa kelele hubanwa kidogo. Viwango vya kubana, 0 hadi 8, havigusi sauti hata chembe. Kiwango cha 8 kinachukua muda mrefu zaidi kutengeneza na kinaokoa nafasi kidogo tu, basi. FLAC ilianzishwa na Josh Coalson, toleo la 1.0 likatoka mwaka 2001, na ni ya wazi, hailipiwi. Apple Lossless ya kampuni ya Apple hufanya kazi hiyohiyo kwa njia yake, nayo ikafunguliwa kwa wote mwaka 2011.

Vipi kuhusu biti 24 na kilohezi 96? Hapa watu huuziwa maneno. Kilohezi 44.1 tayari zinabeba masafa hadi karibu kilohezi 22, na sikio la kijana mzima huishia kama kilohezi 20. Biti 16 zinatoa nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na sauti ndogo kabisa, zaidi ya sebule yoyote yenye feni na barabara nje ya dirisha. Kwa msikilizaji wa kawaida, FLAC ya kiwango cha CD inatosha, na faida ya zaidi ya hapo ni ndogo mno au haipo. Kwa prodyuza anayetaka kukata, kunyoosha na kuchanganya upya, biti 24 zina maana kubwa, kwa sababu kila hatua ya uchakataji inaongeza makosa madogo ya kukadiria na nafasi ya ziada huyazamisha. Gharama yake ni bando: megabaiti 34.6 kwa dakika kwa WAV, yaani kama gigabaiti 1.6 kwa albamu ile ya dakika 45.

Bure haimaanishi haina mwenyewe

Kupakua bila kulipa na ruhusa ya kutumia ni mambo mawili tofauti. The Slip ilitoka chini ya leseni ya Creative Commons inayotaka utaje jina, usifanye biashara, na kazi utakayoizalisha humo uitoe kwa masharti yaleyale. Ukiichanganya upya na kuigawa bure, sawa. Ukiiweka kwenye tangazo la duka, hapana.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 mpiga piano Kimiko Ishizaka alitoa Goldberg Variations za Bach chini ya CC0, yaani aliachia haki zake zote kwenye rekodi hiyo. Mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye filamu bila hata kumtaja. Mwezi Novemba 2017 wanabendi wa King Gizzard & the Lizard Wizard wa Australia walitoa albamu ya Polygondwanaland bure pamoja na mafaili ya masta, yaani rekodi ya mwisho iliyokamilika, wakawaambia watu watengeneze kaseti, CD na santuri zao wenyewe. Lebo ndogo nyingi zilichapa santuri, kila moja na jalada lake. Hilo lisingewezekana kwa MP3: hakuna mtu makini anayekata santuri kutoka kwenye faili lililotupwa nusu ya sauti.

Mwanamuziki anayetaka kufanya hivi aanze na karatasi kabla ya kugusa faili. Leseni ya Creative Commons haifutiki; ukibadili nia unaweza kuacha kugawa, lakini aliyekwisha pakua anabaki na ruhusa yake. Mdundo ulionunuliwa mtandaoni mara nyingi umekodishwa tu, na mkataba wake huweka kikomo cha matumizi, hivyo huwezi kuwapa wengine haki ambayo wewe huna. Kipande kilichochukuliwa kwenye wimbo wa zamani, hata sekunde mbili, kina mwenyewe. Waliotunga pamoja nawe wanapaswa kukubali. Na kama umejiunga na chama cha kukusanya mirabaha, soma hati uliyosaini, kwa maana vyama vingi duniani hupewa haki za utumbuizaji kwa ujumla wake, na huenda huna tena uwezo wa kutoa leseni wewe peke yako.

Kutayarisha mafaili

Toa masta kutoka kwenye programu ya kurekodia kwa biti 24 na kwa kilohezi zilezile ulizorekodia. Kupandisha kutoka 44.1 hadi 96 baada ya kurekodi hakuongezi chochote isipokuwa uzito. Kilele cha kweli, yaani pale sauti inapopanda juu kabisa, kiachwe kama desibeli 1 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha sauti ya dijitali, kwa sababu faili likibanwa baadaye kuwa MP3 vilele hupanda kidogo, na sauti iliyogusa sifuri hupasuka. Ukishusha kutoka biti 24 hadi 16, washa ditha, ile kelele ndogo mno inayozuia mikia ya sauti isikatike kwa mikwaruzo. Ditha huwekwa mara moja tu, hatua ya mwisho.

Kisha bana:

flac --best --verify 01.wav

Neno --verify hapo linaifanya programu ifungue tena ilichobana na kulinganisha na chanzo. Ndani ya kila FLAC hukaa pia alama ya uhakiki ya MD5 ya sauti asilia, hivyo mpakuaji anaweza kuandika flac -t na kujua kama faili limeharibika njiani. WAV haina kinga hiyo; intaneti ikikatika katikati, utagundua pale wimbo utakapokatika.

Jaza taarifa za wimbo: msanii, jina la albamu, jina la wimbo, namba yake, mwaka, na leseni. Hili hupuuzwa mno. Faili linaloitwa “final master 3 mpya.flac” litafika kwa watu elfu na hakuna atakayejua ni la nani. Hata WAV zilizotajwa kwa usahihi zina tatizo, maana programu nyingi za kuchezea muziki hazisomi vizuri taarifa zilizomo humo. Sababu nyingine ya kuchagua FLAC. Jalada liwe la mraba, pikseli 3,000 kwa 3,000 kwa nakala kuu, na dogo zaidi ndani ya kila wimbo lisije likaongeza megabaiti bila faida.

Pa kuweka? Tovuti ya Bandcamp hupokea mafaili yenye sauti kamili na kumwachia msikilizaji achague umbo analotaka, na bei inaweza kuwa sifuri huku mlango wa kuchangia ukiwa wazi. Kumbuka tu kwamba ina kikomo cha vipakuliwa vya bure kwa mwezi. Maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive haina kikomo cha namna hiyo, na ukipakia FLAC hutengeneza MP3 yenyewe. Kuweka sehemu zote mbili ni busara. Na weka MP3 pembeni ya FLAC bila aibu: mtu wa bando la megabaiti 500 akilazimishwa kuchukua 300, hatachukua kitu.

Upande wa msikilizaji

Kwanza hakiki. Fungua faili kwenye programu inayoonyesha spektrogramu, yaani picha ya masafa yaliyomo kwenye sauti, kama Spek. Sauti iliyotoka MP3 ya kilobiti 128 hukatika kama iliyokatwa kwa rula karibu na kilohezi 16. Ya 320 karibu na 20. Sauti kamili kwa kawaida hufifia polepole kuelekea juu. Tahadhari: rekodi za zamani za kaseti nazo hazina masafa ya juu, kwa hiyo ukosefu wa masafa peke yake si ushahidi. Kinachoshtaki ni ule mkato ulionyooka.

Kisha angalia unachochezea. Simu za Android husoma FLAC bila msaada, tangu toleo la 3.1. Kwenye iPhone, programu ya Music haiipokei, kwa hiyo chukua Apple Lossless au tumia programu ya VLC. Spika ya Bluetooth ya kawaida inaibana sauti upya kabla ya kuirusha, kwa njia za kubana ziitwazo SBC au AAC, hivyo FLAC inaingia kamili na kutoka imepunguzwa. Anayetaka kuisikia yote achomeke waya. Anayesikiliza kwa Bluetooth tu anaweza kubaki na MP3 ya 320 kwenye simu, na kuiweka FLAC kwenye diski ya nje ili siku moja aigeuze kuwa umbo lolote litakalokuwepo, bila kupoteza kitu kwa mara ya pili.