Kuwa na API si kuunganishwa

Biashara ikinunua programu mpya, kauli hii haikosekani: "Ina API, kwa hiyo imeshaunganishwa." Muuzaji wa programu anaisema, meneja anaiandika kwenye ripoti, na mhasibu anabaki akisubiri mauzo yaingie yenyewe vitabuni. Hayaingii. Mwisho wa mwezi hesabu zikigoma, lawama zinamwangukia yeye au fundi wa kompyuta, ambao hakuna aliyewauliza chochote siku ya kununua.

Maana yake ni fupi. API ni mapatano yanayoeleza mambo ambayo programu moja inakubali kuulizwa au kuagizwa na nyingine, na masharti yake: ombi litumwe anwani gani, kwa ufunguo upi, taarifa zipangwe vipi, na jibu litarudi kwa sura gani.

Mapatano, basi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Jina hili lilionekana mwaka 1968, kwenye andiko la kitaalamu la Ira Cotton na Frank Greatorex kuhusu michoro ya kompyuta. Shida yao ilikuwa kwamba kila kifaa cha kuonyeshea michoro kilikuwa na tabia zake, na hawakutaka mwandishi wa programu alazimike kuzijua zote, wala kuanza upya kifaa kikibadilishwa. Wakaweka utaratibu mmoja wa kuomba huduma. Kusafirisha taarifa za biashara kutoka ofisi moja hadi nyingine hakukuwemo katika hoja yao. Salesforce, wauzaji wa programu za biashara, na eBay, soko la mtandaoni, walipofungua API zao kupitia intaneti mwaka 2000, walichoongeza ni umbali tu: sasa mwombaji angeweza kuwa kampuni nyingine, nchi nyingine.

API ni dirisha la huduma. Dirisha likiwa wazi, bado anahitajika tarishi wa kwenda kuuliza, kupokea jibu na kulipeleka linakotakiwa. Kazi ya tarishi ndiyo muunganisho, na ndiyo inayosahaulika bajeti inapopangwa.

Tazama Daraja, API ya M-Pesa ambayo Safaricom waliizindua Kenya mwaka 2017. Programu ya duka inatuma ombi la malipo, na simu ya mteja inaonyesha ujumbe wa kumtaka aweke PIN. Papo hapo duka linapata jibu lenye namba 0. Wengi hufurahia hapo na kutoa risiti. Lakini hiyo 0 ya kwanza inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Mteja hajalipa. Huenda salio halitoshi, huenda simu imezimika, huenda ameghairi, na akighairi matokeo huja na namba 1032. Jibu la kweli hutumwa baadaye, kwenye anwani ambayo duka lenyewe limeiandaa kulipokea. Seva ya duka, yaani kompyuta inayopokea jibu hilo, ikiwa haifanyi kazi wakati huo, pesa zinaweza kuwa zimeingia na programu ya mauzo isijue, mpaka kitu fulani kirudi Daraja kuuliza hali ya muamala ule.

Sasa nani anasubiri jibu la pili? Nani analioanisha na ankara sahihi? Nani anaomba tokeni mpya ya kuingilia, yaani kibali cha muda, maana ile ya mwanzo hudumu takriban saa moja tu? Nani anamshughulikia mteja aliyelipia paybill (namba ya biashara ya kupokelea malipo) akakosea namba ya akaunti? Daraja limetimiza wajibu wake wote, na maswali haya bado yako mezani kwa mwenye duka. Majibu yake ndiyo muunganisho.

Hapo ndipo huingia zile huduma za kuunganisha bila kuandika msimbo (maagizo ya programu), kama Zapier, Make na n8n, nazo huzungumziwa vibaya vilevile. Nimesikia watu wakisema, "Hatuhitaji API, tutatumia Zapier." Zapier hupita kwenye API hizohizo. Ni tarishi wa kukodi, na ni tarishi mzuri: fomu ikijazwa, jina la mteja linaenda kwenye jedwali la Google Sheets na barua pepe inatoka, bila kumwajiri mwandishi wa programu. Mfanyabiashara mdogo akiweza kufanya hivyo mwenyewe nafurahi sana. Ila kama programu yake ya uhasibu haina API, au ina API isiyoruhusu kusoma ankara, hakuna kitufe kitakachoitoa ankara hiyo. Tena mara nyingi tarishi huyu hupita dirishani kwa vipindi, kutegemea kifurushi ulicholipia, kwa hiyo taarifa huchelewa. Na kuamua malipo yaliyorudiwa mara mbili yafanywe nini bado ni kazi ya kufikiri, hata kama hukuandika mstari mmoja wa msimbo.

Isitoshe, mwenye dirisha anaweza kubadilisha masharti. Mwaka 2023 Twitter iliondoa API yake ya bure ya awali, na huduma nyingi zilizoitegemea zikakatika. Watumiaji wa huduma hizo hawakuwa wamegusa chochote.

Wanaosema "imeshaunganishwa" hawana nia mbaya, na sitaki mtu aaibishwe mkutanoni kwa neno moja. Ninachoomba ni kitenzi kibadilike kidogo: programu yenye API inaunganishika. "Imeunganishwa" tuiweke akiba mpaka malipo ya majaribio yafike vitabuni, malipo yaliyoghairiwa yasihesabiwe kuwa mauzo, na awepo mtu anayejulikana ambaye siku taarifa zikiacha kuja atapata ujumbe kabla ya mhasibu kuulizwa.