Titi Lenye Kipandikizi: Dalili za Wiki, za Miezi na za Miaka

Mwanamke aliyewekewa vipandikizi vya matiti (vifuko vyenye jeli ya silikoni au maji ya chumvi) Dar es Salaam, India au Uturuki, kisha akarudi kuishi Dodoma, siku akipata shida atapokelewa na daktari ambaye hakuwepo kwenye chumba cha upasuaji. Ndiyo maana swali la kwanza huwa: kadi iko wapi? Kadi ya kipandikizi huonyesha kampuni, namba ya toleo, ujazo kwa mililita, na kama ganda lake ni nyororo au la kukwaruza. Ipige picha, kisha mtumie ndugu mmoja unayemwamini. Kama hukupewa, iandikie hospitali iliyokupasua ikupe nakala ya ripoti ya upasuaji, na uiandikie sasa kabla hujaumwa.

Katika wiki za kwanza, hatari ni mbili: damu na vijidudu. Titi moja likivimba ghafla na kukaza kuliko jingine siku ya kwanza au ya pili, damu imejikusanya ndani. Nenda hospitali usiku huohuo. Ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, mshono ukitoa usaha, au homa ikifika nyuzi 38, hayo ni maambukizi. Kununua antibayotiki duka la dawa hapa ni kujichelewesha. Homa hushuka, lakini kipandikizi hakina mishipa ya damu, kwa hiyo dawa haiwafikii vizuri vijidudu waliojishika kwenye ganda lake. Wakati mwingine hakuna njia ila kukitoa na kusubiri miezi kadhaa kabla ya kuweka kingine.

Kwa wiki 6 hivi usibebe dumu la lita 20, mkononi wala kichwani, hata siku za mgao wa maji. Na kukandwa kwa maji ya moto, ambako mama na shangazi hukuamini sana, kwa titi hili hapana: ngozi inaweza kuwa na ganzi kwa miezi mingi, ukaungua bila kusikia.

Baada ya miezi, tatizo linalosumbua wengi ni utando. Mwili huzungushia kipandikizi chochote utando wa kovu, na hilo ni la kawaida. Shida huanza utando unapojikaza: titi linakuwa gumu, linapanda juu, linabadilika umbo, mwishoni linauma hata ukilalia ubavu. Visababishi vinavyofahamika ni vijidudu wachache walionyamaza ndani, damu iliyobaki baada ya upasuaji, na mionzi kwa waliotibiwa saratani. Zamani madaktari waliubana utando kwa mikono mpaka upasuke. Njia hiyo imeachwa kwa sababu ilipasua na vipandikizi vyenyewe, kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote kukukamua hivyo. Utando uliokaza na kuuma hutibiwa kwa upasuaji.

Kisha kuna kupasuka. Kipandikizi cha maji ya chumvi kikitoboka, titi hunywea ndani ya siku chache na maji hayo hufyonzwa na mwili bila madhara. Cha jeli ya silikoni ni kimya: kinaweza kupasuka na usihisi lolote. Kwa hiyo mamlaka ya dawa ya Marekani inashauri mwenye kipandikizi cha jeli apimwe kwa ultrasaundi au MRI mwaka wa 5 au wa 6, halafu kila baada ya miaka 2 hadi 3. Ukienda kupiga mamografia, mwambie mpigapicha mapema, maana badala ya picha 2 kwa kila titi atahitaji 4, akisukuma kipandikizi nyuma ili nyama ya titi ionekane.

Dalili tunayotaka isidharauliwe hata kidogo ni titi kuvimba maji miaka mingi baada ya upasuaji, mara nyingi miaka 8 hadi 10. Ipo saratani adimu ya chembe za kinga inayoota kwenye utando, na imehusishwa na maganda ya kukwaruza. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni aina yake ya BIOCELL kwa sababu hiyo. Maji hayo yavutwe kwa sindano huku ultrasaundi ikiongoza, ili kipandikizi kisitobolewe. Yasimwagwe. Maabara inahitaji angalau mililita 10, na 50 ni bora zaidi, na fomu iandikwe wazi kwamba kipimo cha CD30, yaani alama ya chembe za saratani hiyo, kinaombwa. Ikigunduliwa mapema, kutoa kipandikizi pamoja na utando wote mara nyingi hutosha kuwa tiba.

Wapo pia wanaolalamika uchovu, viungo kuuma, usahaulifu na nywele kukatika. Mateso yao ni ya kweli, ingawa hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha kwamba kipandikizi ndicho chanzo. Kabla ya kukilaumu, pima wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo na VVU. Kwa Dodoma na Singida, ambako maziwa yasiyochemshwa bado hunywewa, pima na brusela, kwani nayo huleta uchovu na maumivu ya viungo yasiyoisha. Vipimo vyote vikiwa safi, kutoa vipandikizi ni uamuzi halali. Baadhi hupata nafuu, wengine hapana, na daktari anayekuahidi kupona kabisa anakuuzia maneno.

Ukiamua kutoa, kubaliana na daktari mambo matatu kabla ya kusaini: kama utando utatolewa, kama utapelekwa maabara, na kama kipandikizi kitapigwa picha na namba yake kuandikwa kwenye faili. Kikikutwa kimepasuka au kina kasoro, taarifa ipelekwe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, na wewe mwenyewe unaruhusiwa kuipeleka.