Programu ya kupunguza uzito yenye dawa na kocha: maana yake na jinsi ya kuichagua

Programu ya aina hii ni matibabu. Naanza na neno hilo kwa sababu wengi huichukulia kama kununua kifurushi: unalipa, unaletewa sindano, unapungua. Penye matibabu pana mgonjwa aliyepimwa, mtabibu aliyeandika dawa akiijua historia yake, dozi inayopandishwa au kushushwa kadiri mwili unavyoipokea, na mtu wa kumfuatilia mgonjwa kabla hajaonana tena na daktari. Mtu huyo wa katikati ndiye kocha.

Dawa zinazozungumzwa sana siku hizi ni semaglutidi, ambayo kwa ajili ya uzito huuzwa kwa jina la Wegovy, na tirzepatidi, yaani Zepbound. Kwa kawaida zote mbili huchomwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki. Semaglutidi inaiga homoni iitwayo GLP-1, ambayo utumbo huitoa baada ya mtu kula. Homoni hiyo huchochea kongosho kutoa insulini, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na huupa ubongo taarifa ya shibe. Tirzepatidi inaiga hiyo na nyingine tena, GIP. Wengi wanaozitumia hueleza kwamba mawazo ya chakula yaliyokuwa yakiwaandama kutwa nzima yamepoa. Kuna pia dawa za zamani zaidi, kama orlistati, kidonge kinachozuia karibu theluthi ya mafuta ya chakula yasifyonzwe. Mafuta hayo hutoka na choo, na ambaye hakuambiwa mapema huaibika.

Je, kocha ni pambo tu? Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa semaglutidi kwa watu 1,961 wenye uzito mkubwa wasio na kisukari. Baada ya wiki 68, waliochomwa dawa walikuwa wamepungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliochomwa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Takwimu hiyo ya kwanza hutangazwa kila mahali. Kinachoachwa ni kwamba makundi yote mawili yalikuwa yakipata ushauri wa chakula na mazoezi kila baada ya wiki nne, muda wote huo. Kwa hiyo anayekuuzia dawa peke yake huku akikuahidi asilimia 15 anakuahidi matokeo ya kitu ambacho hakupi. Ni kweli pia kwamba katika utafiti ule ushauri bila dawa ulipunguza kidogo tu. Lakini uzito si kila kitu: katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002, watu waliopewa kocha wa mtindo wa maisha walipunguza hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 58, wakati waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, waliipunguza kwa asilimia 31.

Kazi ya kocha mzuri huonekana wiki mbaya inapofika. Mara nyingi ni pale dozi inapopanda. Semaglutidi ya uzito huanza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, kisha 0.5, na kuendelea taratibu hivyo. Chukua mama aliye kwenye wiki ya tano, akiongea na kocha wake:

“Dada, tangu jana sijisikii vizuri. Nimetapika mara mbili.”

“Pole sana, mama. Ulichoma lini?”

“Jumamosi jioni, ile dozi mpya.”

“Maji yanakaa tumboni?”

“Nikinywa mengi yanarudi. Kidogo yanakaa.”

“Tumbo linauma? Maumivu yanakwenda mpaka mgongoni?”

“Hapana, ni kichefuchefu tu.”

“Basi kunywa funda moja moja, usiache. Sindano ya Jumamosi usiichome mpaka daktari akupigie. Namwandikia sasa hivi. Na hayo maumivu yakianza, usinisubiri mimi, nenda hospitali.”

Ameuliza habari ya mgongo kwa sababu maumivu makali ya tumbo yanayopenya mpaka huko yanaweza kuwa dalili ya kongosho kuvimba. Hakugusa dozi, kwa kuwa si kazi yake, na aliyeandika dawa atajua siku hiyohiyo. Siku nyingine kocha huyohuyo atakuhimiza protini na mazoezi ya nguvu, maana mtu anayepungua haraka hupoteza na misuli, si mafuta peke yake. Kocha ambaye ni ujumbe wa “hongera, umepungua!” unaotumwa na programu ya simu hataweza lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza: nikitapika Jumapili usiku, nani atapokea simu? Ana mafunzo gani? Anamfikiaje daktari? Majibu ya maswali haya yatakueleza mengi kuliko picha za kabla na baada.

Sikiliza pia wao wanakuuliza nini. Kwa kawaida dawa hizi huandikiwa mtu mwenye BMI ya 30 na kuendelea, au 27 akiwa na tatizo linalotokana na uzito, kama presha au kisukari. BMI ni kilo zako ukizigawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: mwenye mita 1.65 na kilo 82 amefika 30. Lakini hesabu hiyo haitoshi. Lazima waulize kama una mimba au unaitafuta, kwani semaglutidi huachwa angalau miezi miwili kabla ya kushika mimba. Waulize kama wewe au ndugu wa damu amewahi kuugua saratani ya tezi ya thairoidi ya aina ya medula, maana hapo dawa haitolewi. Waulize habari za kongosho na mawe ya nyongo. Anayetumia insulini sukari yake inaweza kushuka mno, na anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango ajue kwamba tirzepatidi inaweza kuvipunguzia nguvu. Programu isiyojua kumkataa mtu mimi nisingejiunga nayo.

Dawa yenyewe uione na macho. Kalamu ya kiwandani huja na dozi iliyopimwa tayari, au unaichagua kwa kuzungusha. Chupa ambayo dawa yake unaivuta mwenyewe kwa bomba la sindano ni habari nyingine. Tuseme chupa ya semaglutidi ina miligramu 2.5 kwa kila mililita na umeandikiwa 0.25. Bomba la insulini lina alama 100 kwa mililita, kwa hiyo dozi yako inaishia kwenye alama ya 10. Ukiijaza mililita nzima umejichoma miligramu 2.5, mara kumi ya ulichoandikiwa, na zaidi ya 2.4 ambayo watu huifikia baada ya miezi minne ya kupanda ngazi. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya watu kujichoma semaglutidi nyingi mara 5 hadi 20 kuliko dozi yao; wengine walilazwa. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu semaglutidi bandia. Na vidonge vinavyoitwa vya asili visikutulize: baadhi vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni katika nchi nyingi mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo na mishipa ya damu.

Bei iulizwe ya dozi utakayobaki nayo, kwa sababu dozi ya mwezi wa kwanza ndiyo ndogo, na mara nyingi ndiyo ya bei rahisi.

Swali linalosahaulika kuliko yote ni la mwaka wa pili. Baadhi ya washiriki wa utafiti ule wa semaglutidi walifuatiliwa kwa mwaka mmoja baada ya kuacha dawa na ushauri kwa pamoja, na kwa wastani walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Hawakuwa wavivu: dawa ilipotoka, njaa ilirudi kama ilivyokuwa. Ndiyo maana unene hutibiwa kama presha, ugonjwa wa kuishi nao, na programu inayokupa miezi mitatu kisha ikakuaga imekuacha njiani. Waulize nini kitafanyika ukifika uzito unaoutaka: utaendelea na dozi ileile, itapunguzwa, au utaachishwa? Na ukiachishwa, miezi sita baada ya sindano ya mwisho, kocha bado atapokea simu yako? Jibu liwekwe kwenye maandishi kabla hujasaini.