Afya ya mwanafunzi: shule inafanya nini, na mzazi anabaki na nini?

Maswali haya huulizwa na wazazi wa Tanzania kila shule zinapofunguliwa, na kila timu ya dawa za minyoo au chanjo inapopita.

Shule ya mwanangu ina huduma gani za afya hasa?

Chache kuliko wengi wanavyodhani. Shule nyingi za msingi za serikali hazina muuguzi. Kuna mwalimu wa afya, ambaye ana vipindi vyake kama wenzake, na pengine sanduku la huduma ya kwanza. Wahudumu wa zahanati ya jirani huja kwa msimu kutoa chanjo au dawa za minyoo na kichocho. Baadhi ya mikoa hugawa pia vyandarua shuleni, utaratibu ulioanza mwaka 2013 huko Lindi, Mtwara na Ruvuma.

Zote hizo ni huduma za kundi zima. Mhudumu mwenye foleni ya watoto mia kadhaa hawezi kujua kwamba wa kwako alishinda na homa jana. Unayejua ni wewe.

Mwaka jana mwanangu alimeza dawa shuleni akatapika. Zilikuwa mbovu?

Mara nyingi tatizo ni njaa. Dawa ni mbili: albendazoli miligramu 400, kidonge kimoja cha kutafuna, kwa ajili ya minyoo ya tumbo, na prazikwanteli kwa ajili ya kichocho. Idadi ya vidonge vya prazikwanteli hupatikana kwa kumsimamisha mtoto kwenye fimbo yenye alama za urefu, maana kumpima uzito kila mmoja kungemaliza siku. Dawa hiyo ni chungu na huchafua tumbo lililo tupu. Tena mtoto mwenye vimelea vingi ndiye husikia zaidi kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo. Kwa kawaida hali hiyo hupita ndani ya saa chache. Akivimba uso, akipumua kwa shida au akipoteza fahamu, akimbizwe kituo cha afya.

Kwa hiyo siku ya dawa kazi ya mzazi iko jikoni: uji mzito, viazi, mihogo, hata kiporo cha ugali, mradi atoke ameshiba. Na kama aliwahi kupata kifafa, mwalimu aambiwe kabla. Hili lina uzito zaidi kwenye maeneo ya wafugaji wa nguruwe: lava wa tegu (minyoo bapa itokanayo na nguruwe) wakiwa wamejificha kwenye ubongo, prazikwanteli inaweza kuamsha kifafa.

Dawa hizi hutibu, hazikingi. Mtoto wa kando ya Ziwa Victoria akirudi kuoga ziwani, anaambukizwa upya. Unguja na Pemba kichocho kilichopo ni cha njia ya mkojo, na mvulana akikojoa damu, si dalili ya kubalehe, anaumwa.

Binti yangu ana miaka 10. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ya nini mapema hivyo?

Kwa sababu hufanya kazi vizuri zaidi kabla mwili haujakutana na virusi vya HPV. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Aina mbili za virusi inavyolenga, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizo, na hapa kwetu ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake. Uvumi kwamba inafunga uzazi hauna ukweli. Ukiwa na wasiwasi, muulize muuguzi kabla ya siku ya chanjo. Kumficha binti nyumbani siku hiyo hakumsaidii.

Mwanangu ana selimundu na anakwenda bweni. Nikiandika kwenye fomu, si watamkataa?

Andika. Ile fomu ya uchunguzi wa afya inayokuja na maelekezo ya kujiunga, wengi huipeleka kwa mganga igongwe muhuri tu, mtoto hata hajaguswa. Usiku mtoto akizidiwa, matroni anabaki anabahatisha.

Ongeza karatasi moja kwa mkono wako: ugonjwa, dawa na saa zake, dalili za hatari, namba mbili za simu. Wa selimundu anywe maji mengi, aruhusiwe kwenda chooni mara kwa mara, avae sweta kwenye baridi, asipewe adhabu za juani. Na homa kwake ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Wa pumu inhela yake ikae mfukoni mwake, isifungiwe kabatini ofisini. Wa kifafa alazwe ubavu na asitiwe kijiko mdomoni. Degedege likipita dakika tano, apelekwe hospitali.

Na kama anatumia dawa za kufubaza VVU?

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo. Si ya kutangazwa. Ila kwa wa bweni, mchague mtu mzima mmoja mnayemwamini, apate mahali pa kuhifadhi dawa na wa kumwombea ruhusa siku za kliniki.

Mapunye hayaishi. Nimepaka kila kitu.

Acha kupaka. Fangasi hao wako ndani ya nywele, mafuta hayawafikii. Vinatakiwa vidonge vya wiki kadhaa kutoka kituo cha afya. Upele wa kuwasha nao una lake: nyumba nzima mtibiwe siku moja, mfue nguo na mashuka, la sivyo mnarudishiana.

Anashindwa kusoma ubaoni. Mwalimu anasema ni mvivu.

Macho kwanza, uvivu baadaye. Omba akae mbele, kisha apimwe.

Ameamka na homa lakini kuna mtihani. Nimpe panadol aende?

Hapana. Panadol itaishusha homa na kuficha malaria hadi mchana, akiwa mbali nawe. Apimwe kwanza, kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi, na mwalimu apigiwe simu asubuhi hiyo kuhusu mtihani.