Kumbikumbi hawaiti mvua
Hapa Uganda wengi tumekua tukiambiwa kwamba kumbikumbi, ambao Waganda huwaita nswa, wakiruka basi wanaita mvua. Kwa kweli ni kinyume: mvua ndiyo inayowaita wao. Ardhi ikilowa hulainika, hewa nayo hujaa unyevu. Hapo hutoka kichuguuni kutafuta wenza, kisha hudondosha mbawa na kuchimba makao mapya.

Wanaowatega wanalijua hilo tangu zamani. Hupigapiga vijiti kwenye kichuguu kuigiza matone, na kumbikumbi hudanganyika wakatoka (wakikaangwa, utamu wake usiseme!). Mvua yenyewe haiji kwa vijiti. Wakiruka mwezi Machi, kusini mwa nchi huenda mvua ikaendelea, lakini ni kwa sababu msimu wake ni Machi hadi Mei.